Matatu Ina Namba, Yoti Ina Bendera

Kuna orodha moja fupi ambayo mtu yeyote aliyekulia karibu na bahari anafaa kuijua kama anavyojua saa za maji kujaa na kupwa. Imo kwenye SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini. Toleo la kwanza la mkataba huo liliandikwa mwaka 1914, miaka miwili baada ya Titanic kuzama, na toleo linalotumika leo ni la mwaka 1974 pamoja na marekebisho yake mengi. Ndio unaosema meli ibebe mashua ngapi za kuokolea watu, iwe na redio gani, ijikinge na moto vipi. Halafu, kwenye kurasa za mwanzo kabisa, unataja vyombo ambavyo masharti hayo kwa jumla hayavihusu. Meli za kivita. Meli za mizigo zisizofika tani 500. Vyombo visivyoendeshwa kwa mitambo. Vyombo vya mbao vya uundaji wa kizamani. Yoti za starehe zisizofanya biashara. Vyombo vya uvuvi.

Rudi kwenye namba nne na namba tano. Zimefuatana kama majirani wa ploti moja: jahazi la mbao la Lamu, kisha yoti ya bilionea. Na hapo kwa jahazi nimetumia neno la adabu, "kizamani". Neno lililomo kwenye Kiingereza chake ni lile lile ambalo wazungu wa enzi zile walipenda kutumia wakieleza babu zetu.

Hoja yangu ni hii. Jahazi liliachwa nje ya sheria kwa dharau. Yoti iliachwa nje kwa heshima. Na sisi tunaokaa upande wa jahazi tumekubali kuambiwa kwamba hilo ni jambo la kiufundi, mambo ya mawakili wa London na Monaco, si la mtu anayepanda matatu ya Rongai. Mimi nasema linatuhusu, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia nini. Ukisikia "yoti ya starehe" usifikirie kale ka-boti keupe unakokaona Kilifi Creek kametia nanga Jumapili. Koru, yoti ya Jeff Bezos, ina urefu wa mita 127. Uwanja wa kawaida wa mpira ni kama mita 105. Hicho ni chombo kinachobeba mabaharia kadhaa, wapishi, mainjinia na mafuta ya kutosha kuvuka bahari kuu. Ni kazi ya watu, ni kiwanda cha moshi, ni mali ya mamilioni ya dola. Lakini kikiwa ni cha "starehe binafsi", sheria nyingi kinaziangalia tu zikipita.

Sasa hebu tuanze na bendera.

Chombo chochote kikiwa kwenye bahari kuu kinatawaliwa na sheria za nchi ambayo bendera yake kinapeperusha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1989, unasema kwenye kifungu cha 91 kwamba lazima kuwe na uhusiano wa kweli kati ya nchi na chombo. Vizuri. Ila mkataba haukusema uhusiano wa kweli ni kitu gani. Ndiyo maana leo yoti inaweza kuundwa Uholanzi, ikamilikiwa na mtu wa taifa lingine, ikaegeshwa Ufaransa kiangazi na Karibi wakati wa baridi, na nyuma ikapeperusha bendera ya Visiwa vya Cayman, au Visiwa vya Marshall, au Malta, au Isle of Man. Mwenyewe anachagua bendera vile wewe unavyochagua bando la data: anaangalia bei, anaangalia masharti, anachukua inayomfaa.

Fikiria matatu ifanye hivyo. Karao anaisimamisha pale Mombasa Road, imejaza, taa moja haiwaki. Anauliza hati. Kondakta anatabasamu: "Afande, hii gari sheria zake ziko Cayman." Mwenye gari ni nani? Kampuni. Kampuni ni ya nani? Ya kampuni nyingine. Dereva ameajiriwa na nani? Na wakala wa kisiwa cha tatu. Tungecheka mpaka machozi yatoke, halafu gari lingeenda kituoni.

Matatu ya Kenya inajua sheria ni nini. Februari 2004, John Michuki akiwa waziri wa uchukuzi, matatu zote ziliamriwa kuwa na mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Leo ni lazima uwe kwenye sacco ama kampuni. Hata ukiwa na kigari chako kidogo cha kukupeleka kazini, ambacho hakijawahi kubeba abiria wa kulipa, Sura ya 405 ya sheria za Kenya inakulazimisha uwe na bima ya mtu wa tatu. Hakuna anayesema "hii ni gari ya binafsi, niacheni". Ubinafsi wa gari haukuondolei namba ya usajili, kwa sababu ukimgonga mtu, aliyegongwa si wa binafsi. Ni wa mama yake.

Twende kwa jina la mwenye mali.

Ukitaka kufungua kampuni ndogo Kenya leo, hata ya kuuza mitumba mtandaoni, kanuni za mwaka 2020 zinataka umtaje mmiliki halisi, yule binadamu aliye nyuma ya karatasi. Wewe na mbogi yako mna mtaji wa elfu hamsini, na serikali inataka kujua nani ana asilimia ngapi. Mimi sipingi hilo. Ninauliza tu kwa nini upeo wa serikali za dunia unafifia ukifika ufukweni.

Kisa cha Alfa Nero kinafaa kufundishwa shuleni. Hii ni yoti ya zaidi ya mita 80 iliyotia nanga Falmouth Harbour, Antigua, mwaka 2022. Vita vya Ukraine vikaanza, vikwazo vikafuata, na ghafla yoti ikakosa mwenyewe. Marekani ilisema ni mali ya Andrey Guryev, tajiri wa mbolea wa Urusi. Yeye akasema si yake. Kwenye karatasi mwenyewe alikuwa kampuni, na juu ya kampuni kulikuwa na amana. Mafuta yakaisha, mishahara ya mabaharia ikakwama, na nchi ndogo ya visiwa ikabaki na dude zima bandarini ambalo likizama ama likimwaga mafuta, ni bahari yao. Antigua ililazimika kubadilisha sheria yake ya bandari mwaka 2023 ili iweze kuliuza. Eric Schmidt, aliyewahi kuongoza Google, alishinda mnada kwa dola milioni 67.6, kisha kesi zilipozidi akajiondoa. Mwaka 2024 likauzwa kwa dola milioni 40.

Ona vizuri kilichotokea hapo. Wakati wa raha, yoti ilikuwa na mwenyewe, na kila nahodha wa jirani angekunong'oneza jina. Wakati wa bili, ikawa yatima. Na aliyelea yatima huyo kwa miaka miwili ni nchi ya watu kama laki moja. Kama Antigua iliweza kuangukiwa na mzigo huo, Mombasa na Lamu zina kinga gani?

Halafu kuna hesabu. Hapa ndipo mambo yanakuwa ya kuchekesha kama si ya kuhuzunisha.

Sheria za bahari zinapenda mipaka ya namba. Tani 500 za ujazo, maana yake ukubwa wa ndani wa chombo wala si uzito wake, ni mpaka mmoja mkubwa: ukiuvuka, masharti yanaongezeka. Abiria 12 ni mpaka mwingine: ukibeba zaidi ya 12, wewe ni meli ya abiria, na maisha yako yanabadilika. Basi ukiingia kwenye soko la yoti utakuta jamii nzima ya vyombo vilivyochorwa kwa makusudi kufika tani 499. Si 480, si 510. Mia nne tisini na tisa. Na wageni? Kumi na wawili. Kuna watu wanalipwa pesa nzuri kuhakikisha sebule haizidi nafasi ambayo ingeamsha sheria.

Sisi tunaijua hiyo tabia. Ni kondakta anayewaambia abiria wa kupita kiasi wainame wakiona kizuizi cha polisi. Tofauti ni kwamba kondakta akishikwa analala ndani, na mchoraji wa tani 499 anapewa tuzo ya ubunifu.

Mtu atasema, wacha matajiri wajitafutie hatari zao wenyewe. Hapana. Alfajiri ya tarehe 19 Agosti 2024, yoti ya matanga iitwayo Bayesian ilizama karibu na Porticello, Sicily, kwenye dhoruba. Urefu wake ulikuwa mita 56, tani zake chini ya 500, bendera yake ya Uingereza. Ndani walikuwa watu 22: mabaharia 10 na wageni 12. Walikufa saba, akiwemo mwenye sherehe, Mike Lynch, na binti yake. Kati ya hao saba alikuwemo mfanyakazi mmoja, mpishi. Mei 2025 wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walitoa ripoti ya awali. Walisema chombo kikiwa katika hali kiliyokuwa nayo usiku ule, matanga yameshushwa, upepo wa ubavuni wa zaidi ya kilomita 117 kwa saa ungetosha kukipindua. Na udhaifu huo haukuwa umeandikwa kwenye kitabu cha uthabiti kilichokuwa chomboni. Wenye chombo hawakuujua. Mabaharia hawakuujua.

Kwa hivyo hata tajiri hakuokolewa na karatasi zake. Nasema hivi bila furaha. Sheria ya usalama ikitoboka, inatobokea kwa wote waliomo, aliyelala chumba cha juu na aliyeamka mapema kuandaa chai.

Na hilo linanileta kwa watu wa kazi. Hapa mimi siongei kutoka vitabuni.

Binamu yangu alisomea ubaharia Mombasa, akachanga pesa za kozi za usalama cheti kimoja baada ya kingine, na nusu ya ukoo ukachangia. Akapata kazi kwenye yoti ya binafsi huko Ghuba, baharia wa sitaha. Kuosha, kung'arisha, kufunga kamba, kusimama na sahani ya taulo mtu akitoka majini. Miezi miwili ya kwanza mshahara ulikuja. Wa tatu haukuja, wa nne haukuja, wa tano akaambiwa mwenyewe anabadilisha benki. Alipoandikia wakala aliyempeleka, ambaye simtaji, jibu lilikuwa mistari miwili: chombo ni cha matumizi binafsi, ule mkataba wa kazi za baharini hauhusiki, pole sana. Alirudi nyumbani kwa nauli tuliyochanga tena, ukoo ule ule.

Wakala hakuwa anadanganya, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, ni mkataba mzuri. Unasema saa za kupumzika, chakula, matibabu. Tangu mwaka 2017 unasema pia kwamba baharia asipolipwa kwa miezi miwili ahesabiwe ametelekezwa, na lazima kuwe na bima ya kumlipa hadi mishahara ya miezi minne na kumrudisha kwao. Ukisoma hapo unapiga makofi. Halafu unafika kwenye kifungu kinachosema mkataba unahusu nani: meli ambazo kwa kawaida zinafanya biashara. Yoti ya binafsi haimo. Na sentensi hiyo hiyo, kabla ya nukta, inaondoa pia vyombo vya uvuvi na vyombo vya jadi kama majahazi. Jahazi limetajwa kwa jina.

Umeliona tena hilo ploti la majirani? Mkataba mwingine, miaka mingine, orodha ile ile. Hata makubaliano ya Paris ya mwaka 1982, yale ya nchi za Ulaya kukagua meli za kigeni bandarini, yanaruka vyombo vya uvuvi, vyombo vya mbao vya kizamani, na yoti za starehe zisizofanya biashara. Mara tatu. Mara moja ningeita bahati mbaya.

Najua jibu la mawakili: baharia asiyelipwa ana haki ya kudai kutoka kwa chombo chenyewe, anaweza kuomba mahakama ikikamate, na Mahakama Kuu yetu ina mamlaka hayo. Ni kweli kabisa. Sasa niambie kijana wa miaka 24, asiye na mshahara wa miezi mitatu, katika nchi ambayo visa yake inategemea kazi hiyo hiyo, atamlipa wakili gani kukamata chombo ambacho kesho asubuhi kinaweza kung'oa nanga.

Na upande wa pili wa ploti? Mjomba wangu ana mashua Faza. Jahazi na mashua zikiachwa nje ya mikataba ya dunia, haimaanishi ziko huru. Mjomba anahitaji leseni ya uvuvi, anahitaji kujiandikisha na kikundi cha usimamizi wa ufuo, akaguliwe chombo, na kwa miaka kadhaa wavuvi wa Lamu walikatazwa kabisa kuvua usiku kwa sababu ya usalama. Usiku ndio samaki wenyewe. Yaani sheria inayomlinda mjomba imemsahau, lakini sheria inayomzuia inamjua kwa jina la babu yake. Yoti imepewa kinyume chake. Ndiyo maana nikasema mmoja ni dharau na mwingine ni heshima, ingawa kwenye karatasi wamewekwa mstari mmoja.

Tumalizie na moshi na kodi, kwa sababu hapo ndipo kizazi chetu kimewekwa kulipa.

Tangu Januari 2024, Umoja wa Ulaya unazitoza meli pesa kwa hewa chafu zinayotoa. Lakini ni meli kubwa za tani 5,000 kwenda juu, zinazobeba mizigo ama abiria kwa biashara. Meli inayoleta ngano inatozwa. Yoti ya tani hizo hizo inayomleta mtu mmoja kuogelea haitozwi. Upande wa VAT, yoti ya mtu asiyeishi Ulaya inaweza kukaa kwenye maji ya Ulaya miezi 18 bila kulipa senti ya ushuru wa kuingiza. Machi 2018 Tume ya Ulaya yenyewe iliwachukulia hatua Cyprus, Ugiriki na Malta kwa kutotoza yoti VAT inavyotakikana. Wenyewe kwa wenyewe walishindwa kuficha.

Sasa kumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 hapa kwetu. VAT ya asilimia 16 kwa mkate. Kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, kiwango cha chini shilingi 5,000, na juu isizidi shilingi 100,000. Piga hesabu. Mwenye gari la milioni nne angelipa laki moja. Mwenye gari la milioni arobaini angelipa laki hiyo hiyo moja. Hiyo dari ya laki moja ni binamu wa zile tani 499. Ni fikra moja: maskini ahesabiwe mpaka shilingi ya mwisho, tajiri ahesabiwe mpaka mahali fulani halafu tuache, tusimsumbue. Mswada uliondolewa Juni 26, na tunajua waliolipia kuondolewa kwake ni vijana wa rika letu. Kwa hivyo msituambie kwamba mambo ya yoti ni ya wivu.

Neno hilo, wivu, litakuja. Litakuja pia neno "ajira". Tutaambiwa Pwani inahitaji wageni wenye pesa, yoti moja inanunua mafuta, matunda, samaki, inaajiri walinzi, tusiwafukuze kwa masharti. Mimi nataka yoti zije. Nataka binamu yangu arudi kazini karibu na kwao. Ila ajira isiyolipa si ajira, na mgeni anayekataa kusema jina lake mlangoni, kwetu Pwani, huyo hukaribishwi naye chai. Hodi inaitikiwa na "nani?" kabla ya "karibu".

Wengine watasema Kenya ni ndogo, sheria za bahari zinaandikwa na wakubwa. Hapa historia inatusaidia. Ile kanuni kwamba nchi ya pwani ina haki juu ya samaki na mali za bahari mpaka maili 200 kutoka ufukweni, ambayo leo dunia nzima inaitumia, ilisukumwa na Kenya. Mwanasheria wetu Frank Njenga aliibeba mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1972 Kenya ikapeleka rasimu yake kwenye Umoja wa Mataifa. Nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka tisa tu iliwaambia wenye manowari kwamba bahari ina wenyewe, na miaka kumi baadaye ikawa mkataba. Hivi karibuni pia hatujalala: Azimio la Nairobi la Septemba 2023 lilitaka kodi ya kaboni kwa usafiri wa baharini na wa anga, na mwaka 2025 kule Sevilla, Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizojiunga kutoza abiria wa daraja la juu na ndege za binafsi. Ndege za binafsi zimo. Yoti haikuguswa. Kwa nini mwenye kuruka alipe na mwenye kuelea apite?

Na umma ukipiga kelele, wanasikia. Mwaka 2022 ilijulikana kwamba ili Koru itoke kwenye karakana ilikoundwa, lilikuwepo pendekezo la kufungua sehemu ya daraja la kihistoria la Rotterdam, De Hef, la mwaka 1927. Wakazi wakaanza kupanga kwenda kuirushia yoti mayai mabovu. Ombi la kibali likaachwa, yoti ikavutwa kimya kimya kwa njia nyingine, milingoti yake ikiwa bado haijasimamishwa. Daraja liko pale mpaka leo. Mayai hayakurushwa hata moja.

Ninachotaka ni vitu vinne, na vyote viko ndani ya uwezo wa bunge letu na wizara zetu. Yoti ya kigeni ikitia nanga Kenya kwa zaidi ya siku chache, itoe jina la mmiliki halisi, binadamu, kama sisi tunavyotoa kwenye eCitizen. Chombo chochote chenye mtu anayelipwa mshahara kihesabiwe ni mahali pa kazi, kiwe cha biashara ama cha starehe, na kiwe na bima ya mishahara kabla hakijaajiri Mkenya hata mmoja. Ule muungano wa Sevilla uongezwe yoti. Na mabaharia wa majahazi wapate ulinzi ule ule wa mishahara na uokoaji, kwa sababu haiwezekani tudai haki kwa binamu wa Ghuba tumsahau mjomba wa Faza.

Njia ipo. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu kutunga na kuridhia mikataba inataka bunge liidhinishe na wananchi washirikishwe kabla Kenya haijajifunga. Mwaka 2024 tulijifunza kusoma mswada kifungu kwa kifungu, tukautafsiri kwa lugha zetu, tukausambaza WhatsApp mpaka wazee wakaujua. Mkataba wa bahari si mgumu kuliko hapo. Siku tangazo la maoni ya umma litakapotoka kuhusu meli, bandari ama mabaharia, usiruke. Fungua ule ukurasa wa mwanzo unaosema sheria hii haitamhusu nani, uusome kwa sauti, halafu uandike kwa karani wa bunge ukitaka kujua kwa nini.